Tumbo Lililotangulia Miezi

Wambaa, Pemba
Jumamosi asubuhi, mvua imekatika kidogo

Dada yangu Skola,

Najua umeshaifungua, basi okota bahasha uitazame kwanza kabla hujasoma zaidi. Pale gundi inaposhikana nimechora mstari wa kalamu ya kijani. Kama mstari haukutani vizuri, jua kuna aliyeisoma kabla yako, na mtu wa kwanza kumuuliza ni Mwalimu Upendo, kwa sababu ndiye niliyempa aje nayo Njombe anapokwenda likizo. Ni mwenzangu hapa skuli na ni mtu mzuri, ila anapenda kujua mambo.

Shikamoo dada. Habari za nyumbani, na za baridi hiyo? Mguu wa mama mdogo unasemaje, na wanao wanasoma au wanacheza tu? Mimi sijambo kwa kiasi cha mtu aliyepasuliwa. Kidonda kimefunga. Aliye tumboni hajambo kunishinda mimi, ameingia mwezi wa sita na anapiga teke hasa ninapokaa kusahihisha madaftari. Nadhani hapendi hesabu.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yako siku hizi ina masikio mengi. Nikikupigia nasikia pumzi za watu watatu. Jumapili ile nilipokwambia jambo langu la ndani kabisa, yule Mtumishi wenu wa maombi aliitikia "amina" kabla wewe hujafungua mdomo. Tangu lini siri yangu na yako ikawekwa spika? Basi hii isome peke yako, jikoni, mlango ukiwa umefungwa.

Nataka nikueleze tangu mwanzo, kwa mpangilio, kwa sababu wewe umesikia vipande vipande na kila kipande kilipita kwa mtu.

Unakumbuka miaka mitatu iliyopita nilipopangiwa kufundisha huku, ulinisindikiza stendi ukanipa masharti manne. Usile cha mtu. Usiache nguo kwenye kamba jua likizama. Ukipata mimba usitaje miezi yako. Usimruhusu bibi yeyote akushike tumbo. Ulisema Pemba ina wenyewe. Dada, yale masharti niliyashika kuliko amri kumi za Mungu, na katika zile kumi unajua kuna moja mbili nimeziyumbisha.

Jirani yangu anaitwa Bi Mize. Ni mjane, nyumba yetu na yake zinatenganishwa na ua wa makuti, na ana kuku ambao sidhani hata yeye anajua idadi yao. Nilimshuku tangu siku ya kwanza, kwa kosa la kunikaribisha vizuri. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, mimi nikiwa na mimba changa ambayo hata Upendo sijamwambia, Bi Mize akaanza kuleta futari. Kila siku kabla ya magharibi sahani inafika, imefunikwa kawa, ndani muhogo wa nazi na samaki, siku nyingine ndizi mbichi, siku nyingine tambi. Huku hawaulizi sahani inakwenda kwa dini gani. Mimi naipokea kwa mikono miwili, nashukuru mpaka napiga goti, halafu naipeleka nyuma ya jiko naimwaga. Naosha sahani, naweka sukari kidogo au majani ya chai, maana huku sahani ya jirani hairudi tupu, kisha nairudisha.

"Umeshiba, Mwalimu?" ananiuliza.

"Nimeshiba, Bi Mize. Mungu akuzidishie."

Nilikuwa namdanganya, lakini jambo la ajabu ni kwamba kweli nilikuwa nimeshiba. Chakula changu mwenyewe, nilichopika kwa mkono wangu, nilikula matonge mawili tumbo likajaa hadi kifuani. Nikaona ndiyo yenyewe hiyo. Nikasema mbona hata sijakionja chake, ina maana harufu peke yake imenifunga. Halafu katika wiki hiyohiyo kanga yangu ya zambarau ikapotea kwenye kamba. Hapo nikawa sina shaka tena. Nilikuwa nikimwona Bi Mize uani kwake najifanya sikumwona.

Sasa tumbo. Shemeji yako Festo alikwenda kozi Dodoma mwezi wa kumi, akarudi wiki ya Krismasi. Hilo unalijua. Mimba niliipata aliporudi. Ilipofika katikati ya Ramadhani mimba ilikuwa na miezi miwili na ushee, lakini tumbo lilikuwa la miezi mitano. Sizidishi. Sketi zangu zote zilikataa kufunga na watoto wa darasa la tatu walianza kuninong'ona.

Festo hakuniuliza. Laiti angeuliza ningemjibu, tungegombana, yangeisha. Yeye alianza kuhesabu. Siku moja nafuta vumbi kwenye kalenda ya ukutani nikaona nukta ndogo za penseli chini ya siku za mwezi wa kumi, wa kumi na moja, hadi Krismasi. Akaacha kuniita Vumi, nikawa Vumilia, jina zima kama ninaitwa mahakamani. Akaanza maswali ya pembeni. Nani alikuwa akikuletea maji nilipokuwa kozi? Yule fundi wa bati alimaliza kazi siku ngapi? Mimi nami kwa hasira nikakataa kumjibu, na kukataa kwangu nako kukaingia kwenye hesabu yake. Dada, iliniuma. Nimekaa na mwanaume huyu miaka mitano na nilikuwa nalala naye kitanda kimoja kila mtu ameshika upande wake.

Nikaenda kliniki. Nesi akanipima tumbo kwa utepe, akatazama kadi, akatazama tumbo tena.

"Mwalimu, tarehe hizi una hakika nazo?"

"Mimi nafundisha hesabu," nikamjibu.

Akatabasamu kidogo tu. Akasema tumbo limetangulia miezi, niende Chake Chake nikapigwe picha ya altrasaundi, na nisikawie. Akaniandikia karatasi. Ningekwenda, lakini nilipotoka nje nikamsikia mama mmoja akimwita yule nesi mtoto wa dadake Bi Mize. Basi nikaikunja ile karatasi nikaitia ndani ya Biblia, nikakupigia wewe.

Na wewe ukamweka Mtumishi kwenye simu. Sijasahau neno hata moja. Alisema hiyo ni kazi ya kisiwa, wamepanda kitu juu ya mtoto ili kimle polepole. Aliapa, dada. Aliapa kwa madhabahu yake kwamba nikinywa unga wake na kujipaka mafuta yake siku ishirini na moja, kitu kitatoka chenyewe. Kisu kisiguse, mashine isimulike. Mzigo ukaja kwa basi, ukapanda boti, nikaupokea bandarini kama mtu anayepokea dhahabu. Nilikunywa ule unga hadi ukaisha. Ulikuwa mchungu na uliniharisha. Tumbo halikupungua hata unene wa uzi. Nilipoteza wiki nne. Sikulaumu, kwa sababu mimi ndiye niliyefungua kinywa. Lakini nikisema sikulaumu kabisa nitakuwa naongopa. Nakulaumu kidogo.

Sikukuu ya Idi ikapita. Wiki ya pili yake Bi Mize akaja mchana, hana sahani. Akakaa kizingitini bila kukaribishwa, akanitazama.

"Mwalimu, miye nafuga kuku tangu sijaolewa," akasema. "Sijapata kuona kuku anorudi bandani magharibi kashiba muhogo wa nazi. Mwezi mzima wanalala na tambi kwenye midomo."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Sikuja kwa futari," akasema. "Futari nimetoa kwa ajili ya Mungu, kala kuku kala ntu, thawabu yangu ipo. Nimekuja kwa kuwa chetu huli na chako pia huli. Nakuona hapo uani. Tonge mbili unasukuma sahani. Nami nimezaa saba. Mja mzito hali hivyo, na tumbo la ntoto haliendi upande mmoja. Lako limelalia kulia."

Aliponyoosha mkono nikaruka nyuma. Aliuona ule mruko, akaurudisha mkono wake kwenye mapaja. Halafu akainuka. Festo alikuwa anaingia getini na pikipiki yake. Nilimsikia akimwambia, tena kwa sauti ya kawaida tu, "Baba, anohesabu miezi na ampeleke mkewe akapimwe. Mashine haina wivu."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda Chake Chake. Usidhani tulikwenda kwa ajili ya ugonjwa. Tulikwenda kama watu wanaokwenda kusikiliza hukumu. Mimi nilitaka jina langu lisafishwe mbele ya macho yake, yeye alitaka kuona ushahidi. Njia nzima tangu Wambaa hadi tulipopita uwanja wa Gombani nilikuwa moyoni napanga maneno nitakayomwambia nikishinda.

Tukaingia wote wawili. Kijana wa mashine akanipaka ile dawa ya baridi, akaweka chombo, akatafuta. Mtoto akaonekana. Moyo wake ulikuwa unakimbia. Kijana akapima kichwa hadi makalio, akasema, "Wiki kumi na tatu na siku mbili."

Dada, nikageuza kichwa nikamtazama Festo. Nilimwona akihesabu kwa midomo, kisha uso wake ukaanguka. Akanishika mguu, mguu ndio uliokuwa karibu naye, akasema, "Vumi, nisamehe." Yale maneno yangu yote niliyoyapanga yakanipotea. Niliona raha. Nakwambia kweli niliona raha, kwa dakika nzima nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote kisiwani.

Kisha nikamwona kijana wa mashine hatabasamu. Amehamisha chombo kulia, anakikandamiza, anakizungusha, anarudi palepale. Akaniuliza naumwa? Nikasema hapana, ila nashiba upesi. Akatoka akamwita daktari. Kwenye kioo, pembeni ya mwanangu, kulikuwa na kitu cha kijivu kikubwa kumzidi yeye mara nyingi, kimekaa tu.

Daktari akatazama, akamwita Festo nje. Mimi wakaniacha nimelala na tumbo wazi, mwenye tumbo. Festo aliporudi akasema ni uvimbe tu, tutapewa rufaa Unguja. Alisema "tu" mara tatu. Mtu aliyeninyima neno lake mwezi mzima, leo ananibebea mkoba na kuniuliza kama nataka machungwa. Nikajua ananificha. Barua ya rufaa ilikuwa kwenye bahasha, na unanijua mimi na bahasha. Kesho yake nikaifungua kwa mvuke wa birika. Ilikuwa ya Kiingereza cha kidaktari, neno moja likanishinda, nikalibeba kichwani hadi skuli nikalitafuta kwenye kamusi ya darasa la saba. Kamusi ikaniambia kwamba ni kitu kibaya kinachoweza kuua. Hapo hapo kengele ikalia nikaingia kipindi, nikafundisha sehemu na desimali.

Jioni nikamwekea Festo ile barua mezani. Akalia. Akasema daktari alimwambia mjamzito asitiwe hofu. Nikamwambia hofu ninayo tangu nizaliwe, ninachokosa ni habari.

Unguja nilipokelewa na daktari bingwa, mwanamke, mrefu, mkavu wa maneno. Nilimhoji kama polisi. Nikamuuliza nani kakifanya. Akasema hakuna aliyekifanya. Nikamwambia hakuna kitu kisicho na mwenyewe.

"Mwenyewe ni mwili wako," akasema. "Kwenye kifuko chako cha mayai, cha kulia, chembe zilianza kukua bila mpango. Inawezekana zilianza kabla hujashika mimba. Mimba haikukileta, ila mimba ndiyo iliyotuonyesha. Usingekuja kupima mtoto, tusingekijua mapema."

Nikamuuliza kuhusu unga. Akauliza ulitoka wapi, nikasema kwa watu wangu. Akasema unga haukuleta uvimbe na wala haukuupunguza, ulichokula ni wiki nne. Akasema hivyo bila kunigombeza, na ndiyo maana iliniingia.

Alitaka kukitoa haraka, mtoto akiwa ndani. Alisema wiki zile ni nzuri kwa kazi hiyo, mimba imeshashika na tumbo bado lina nafasi. Karatasi ya ridhaa niliisoma mara tatu. Nilishasikia kwamba mtu anaingia kutolewa kitu kimoja anatoka hana vitatu. Basi nikachukua kalamu nikaandika chini kwa mkono wangu: KIZAZI KISIGUSWE, CHA KUSHOTO KISIGUSWE. Daktari akasoma, nikadhani atakasirika. Akaniambia kama akikuta kimesambaa kote atashindwa kuahidi, akaliandika hilo nalo, halafu akatia sahihi yake chini ya maandishi yangu. Tukawa tumetia sahihi wote.

Halafu ikaja habari ya damu. Walisema lazima ziwepo chupa tatu kabla hawajanipeleka. Festo akatoa moja. Mbili zikakosekana, na ndugu zangu wote mko ng'ambo ya bahari. Nilisahau kukwambia, Bi Mize alikuja na sisi Unguja. Sikumwomba. Siku ya safari nilimkuta bandarini na mkoba wake na kuku wawili miguu imefungwa, akasema mgonjwa hapelekwi na mwanaume peke yake, nani atamwosha. Ana watoto wawili wa kiume wanaouza nguo mjini. Akawapigia simu mbele yangu. Mmoja nadhani aliuliza hiyo damu anapewa nani, kwa sababu nilimsikia mama yake akimjibu, "Yule mwalimu anonilishia kuku."

Wakaja wote wawili, wamekunja mikono ya shati tayari. Mimi nimelala pale nawatazama wanavyochomwa. Uliniambia, dada, kwamba watu wa huku wanatafuta damu za watu. Niliyakumbuka maneno yako na nilishindwa kuwatazama usoni. Waliondoka kabla sijawashukuru sawasawa, walikuwa wamefunga duka.

Nikapasuliwa. Wakatoa kitu chenye ukubwa wa papai pamoja na kile kifuko chake. Kizazi hakikuguswa, cha kushoto hakikuguswa, mtoto alibaki. Nilipozinduka mtu wa kwanza kumwona alikuwa Bi Mize. Akasema, "Ntoto yupo. Nimewauliza mara nne." Kisha akauliza kama anaruhusiwa sasa kunishika tumbo. Nikamwambia ashike.

Majibu ya kipimo yalichukua wiki tatu kutoka Dar. Ni saratani. Naliandika neno hili wazi kwa sababu kila mtu analizunguka. Ni aina adimu, huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana kama mimi, na kuipata mtu akiwa na mimba ni adimu zaidi. Kwa bahati mbaya ilishagusa tezi moja nyuma ya tumbo. Kwa hiyo zinahitajika dripu za saratani, kemo wanavyoziita, na daktari anataka nianze Dar wiki ijayo, nisingoje kujifungua. Nikamuuliza mtoto je? Akasema viungo vya mtoto vimeshaumbika, kwamba wajawazito wengine wametibiwa hivyo wakazaa salama, kwamba ugonjwa wa aina hii huisikia dawa vizuri, na kwamba kungoja miezi mitatu kunaupa ugonjwa miezi mitatu. Nikamwambia aniapie kwamba mtoto hatadhurika.

"Siwezi kukuapia," akasema. "Nitakuangalia na nitakwambia kila ninachokiona."

Nilikaa na jibu hilo siku mbili. Mtumishi aliapa. Huyu alikataa kuapa. Mimi ambaye simwamini mtu, dada, nilimwamini huyu kwa sababu hiyo tu.

Sasa nije kwako. Festo ameniambia ulimpigia ukamwambia asitie sahihi ya kemo, na kwamba wewe na mjomba mnajiandaa kuja kunichukua mnirudishe Njombe kwa Mtumishi. Nimekasirika, halafu nimecheka, halafu nimelia. Najua ni mapenzi. Ulinilea tangu mama alipofariki, hujanitakia baya hata siku moja. Lakini sahihi si ya Festo. Ni yangu, na nimeshaitia. Usije kunichukua. Njoo unikalie. Fika Dar moja kwa moja, uje na lile blanketi lako zito na kitenge, acha chupa ya mafuta nyumbani. Wanasema dripu zinatapisha na nywele zinatoka. Nataka uwe wewe wa kunishika kichwa, kwa sababu Bi Mize hawezi kuacha kuku muda wote huo, na Festo akiona natapika naye anatapika.

Usidhani nimekuwa malaika. Festo amekuwa mwema mno, na wema wa ghafla nao naushuku. Amezifuta zile nukta kwenye kalenda, lakini karatasi imechubuka, mahali pake panaonekana, na mimi kila nikipita napatazama. Nimemsamehe ila bado sijasahau, sijui itachukua muda gani. Kanga yangu ya zambarau sijaiona mpaka leo, nikipita nyumba za watu macho yangu yanakwenda kwenye kamba. Na usiku mwingine naanza kumshuku hata huyu daktari, halafu natoa nakala ya ile karatasi naangalia sahihi mbili zilivyokaa, yangu na yake, nalala. Chakula cha Bi Mize nakila chote mbele ya macho yake. Anasema kuku wake wamekonda kwa ajili yangu.

Nisalimie mama mdogo, mwambie dawa ya kuchua nitamletea. Msalimie mjomba fundi, mwambie kitanda cha mtoto akitengeneze, asingoje. Wasalimie wanao, na yule anayeogopa hesabu mwambie hata mtoto wangu ni mwenzake. Katekista naye mpe salamu zangu, yeye aliniombea bila kuniapia chochote. Mtumishi simpi salamu. Sina ugomvi naye, ila sina salamu za kumtosha.

Nilitaka niishie hapo, lakini kuna neno moja limenifanya niandike barua yote hii, na nimekuwa nikilizunguka kama wengine. Nategemea kupona. Daktari naye anategemea. Lakini nikifa mtoto akabaki, utamlea wewe, hilo halihitaji karatasi. Siku moja atakuuliza mama yake alikufa na nini. Najua jibu utakalokuwa nalo mdomoni, na kila mtu pale nyumbani atalikubali. Dada, nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya, usimpe. Usimpe mwanangu kisiwa kizima cha kukichukia. Mwambie ilikuwa saratani, ilianzia kwenye kifuko cha mayai cha kulia, hakuna aliyeipanda. Jina lake ni disjeminoma. Nimeliandika tena nyuma ya karatasi hii kwa herufi kubwa ili usilikosee.

Na akikua, mlete Wambaa. Nyumba ya pili kutoka skuli, yenye kuku wengi. Ikiwa Bi Mize hayupo, watakuwepo wanawe. Aseme yeye ni mtoto wa mwalimu. Asije mikono mitupu, huku sahani hairudi tupu.

Mdogo wako akupendaye na anayekungoja Dar,
Vumilia